Anayeangusha na Anayeanguka: Judo, Unguja na Funzo la Kushindana

"Asiyekubali kushindwa si mshindani." Kila baada ya miaka mitano methali hii hufufuka Zanzibar. Husikika kwenye majukwaa ya kampeni, kwenye redio na kwenye baraza za Mji Mkongwe, na aghalabu huitamka yule aliyekwishatangazwa mshindi akimwelekeza yule aliyebwagwa. Methali ni ya kweli, lakini imebeba nusu tu ya hekima. Haituambii kukubali kushindwa hufunzwa wapi, wala haimwambii mshindi wajibu wake ni upi.

Makala haya yanatafuta jibu mahali ambapo wachambuzi wa siasa zetu hawana mazoea ya kupatazama, nako ni kwenye mkeka wa judo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 sanaa hii ya Kijapani imekuwa ikifundishwa Unguja, na vijana wetu wamejifunza kwayo kushika, kuangusha, kuanguka na kuinuka. Wapo wanaoiona kuwa mchezo tu, na wapo wanaoiona kuwa ugomvi uliovishwa nguo nyeupe. Historia yake inaonesha kuwa ni zaidi ya hayo. Inaonesha pia kuwa sanaa ya mapigano haimbadilishi mtu kwa miujiza. Inambadilisha kwa kadiri ya kanuni zinazoiongoza na watu wanaoishika.

Mapigano yenye mipaka si jambo geni kwetu

Tuanze nyumbani, ili msomaji asidhani kuwa fikra ya kupigana kwa adabu imeingia visiwani kwa meli ya kigeni. Kusini mwa Unguja, Makunduchi, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi ya Kishirazi. Miongoni mwa mambo yanayowavuta watu ni wanaume kuchapana kwa mabua ya migomba huku wanawake wakiimba. Bua la mgomba linauma lakini haliui. Wenyeji wanaeleza kuwa hapo ndipo kinyongo cha mwaka mzima kinapotolewa, ili mwaka mpya usianze na deni la mwaka uliokwisha. Baada ya hapo huchomwa kibanda cha makuti, watu huelekea ufukweni, na sherehe huendelea.

Pemba na Lamu ipo ngoma ya kirumbizi. Wawili huingia uwanjani na fimbo, wakashambuliana na kukingiana kwa mwendo wa zumari na ngoma. Mchezaji mzuri si yule anayempasua mwenzake kichwa. Ni yule anayeonesha kuwa angeweza kufanya hivyo na akajizuia.

Wazee wetu, basi, walijua kwamba ushindani hauwezi kufutwa katika jamii ya binadamu, ila unaweza kupewa uwanja, wakati, silaha isiyoua na watu wa kushuhudia. Kilichopungua katika michezo hii ni mwendelezo. Mwaka Kogwa huja mara moja kwa mwaka, na kirumbizi huchezwa kukiwa na sherehe. Hakuna kati yake unaomchukua mtoto wa miaka minane na kumlea, jioni baada ya jioni, mpaka awe mtu mzima. Hapo ndipo judo inapoingia kwenye hadithi yetu.

Mwalimu wa skuli aliyebuni judo

Judo haikubuniwa na askari wala mtawa. Ilibuniwa na mwalimu. Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860, miaka minane kabla ya Japani kuingia katika mageuzi ya zama za Meiji. Alikuwa na mwili mdogo, na akiwa skuli ya bweni alionewa na wenzake wenye nguvu. Akatafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana bila silaha au kwa silaha ndogo. Wakati huo sanaa hiyo ilikuwa inakufa. Tabaka la samurai lilikuwa limevunjwa, amri ya mwaka 1876 ilikuwa imewakataza kubeba panga hadharani, na vijana waliosoma waliyaona mambo ya wazee kuwa ni ya kizamani.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu na amehitimu Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka mmoja tu kabla, Kano alifungua chuo chake katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Alikuwa na mikeka 12 na wanafunzi 9. Akakiita Kodokan, yaani nyumba ya kujifunza njia. Kazi aliyoifanya humo ilikuwa ya kuchambua na kuchuja. Mbinu za kuvunja viungo na kuua aliziondoa katika mazoezi huru, akabakiza kuangusha, kubana na kukaba, ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote na mwenzake akarudi nyumbani salama. Jina nalo akalibadilisha: badala ya *jutsu*, yaani ufundi, akaweka *do*, yaani njia. Msomaji wa Zanzibar, anayejua tofauti ya mtu mwenye elimu tu na mtu aliyeshika tarika, hatopata tabu kulielewa badiliko hilo. Ufundi unaujua, lakini njia unaipita, nayo inakugeuza unapokuwa unaipita.

Kano aliendelea na kazi ya elimu maisha yake yote. Aliongoza kwa miaka mingi chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka bara la Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Katika uzee wake alizifupisha fikra zake katika kanuni mbili: kutumia nguvu za mwili na akili kwa njia iliyo bora kabisa, na kustawi kwa pamoja, mimi na mwenzangu. Kanuni hiyo ya pili, *jita kyoei*, ndiyo kiini cha makala haya. Inasema kwamba siwezi kuwa hodari bila mtu wa kunipinga. Anayesimama mbele yangu akinitafutia upenyo ananifanyia hisani, nami namfanyia hisani hiyohiyo. Nikimvunja, kesho sina wa kufanya naye mazoezi, na ujuzi wangu unakufa pamoja na mwili wake.

Jinsi mkeka unavyomfunza mtu

Kanuni nzuri zimeandikwa katika vitabu vingi na hazikumbadilisha mtu. Sifa ya judo ni kwamba kanuni hii haikuachwa midomoni, iliingizwa mwilini.

Somo la kwanza la judo, liwe Tokyo au Unguja, si kuangusha. Ni kuanguka. Mwanagenzi hufunzwa kukunja kidevu ili kisogo kisigonge chini, kupiga mkeka kwa mkono ili kishindo kitawanyike, na kubingirika badala ya kujikaza. Hufanya hivyo mara mamia kabla hajaruhusiwa kumwangusha mtu. Anayekataa kuanguka, akajikaza na kuuegemea mkono wake ardhini, ndiye anayevunjika. Baada ya miezi kadhaa hofu ya kuanguka inampungua, na hofu hiyo inapopungua hupungua pia ukali wake. Mkali mara nyingi ni mwoga anayeogopa kuaibika. Kijana aliyekwisha kuanguka mara elfu mbele ya wenzake, na kila mara akainuka akiwa mzima, hana aibu ya kuilinda kwa kisu.

Somo la pili halionekani kwa mtazamaji wa mbali. Anayeangusha hauachii mkono wa nguo wa mwenzake. Mpaka sekunde ya mwisho anaendelea kuushika na kuuvuta juu kidogo, ili mwenzake atue kwa ubavu na mgongo wa juu, asitue kwa kichwa wala kwa bega. Kumwangusha mtu kisha kumwachia ovyo ni ufundi mbovu na ni ukosefu wa adabu, na mwalimu hulikemea hilo kuliko anavyokemea kushindwa.

Methali yetu inamtazama anayeanguka peke yake. Judo inawatazama wote wawili. Anayeanguka ana wajibu wa kuanguka vizuri, na anayeangusha ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mwenzake anaweza kuinuka. Kisha wote wawili husimama, wakatengeneza nguo zao, wakainamiana.

Mfano mashuhuri wa wajibu wa mshindi ulionekana Tokyo mwaka 1964, judo ilipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Katika fainali ya uzito usio na kikomo Mholanzi Anton Geesink alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani katika ukumbi wao wa Budokan. Mashabiki wa Kiholanzi walitaka kuuvamia mkeka kwa furaha. Geesink, akiwa bado hajamaliza kuamka juu ya mpinzani wake, aliinua mkono kuwazuia. Kwanza ilipaswa ainamiane na aliyemshinda. Wajapani waliokuwa wakihuzunika walikumbuka mkono ule kwa miaka mingi baadaye.

Onyo kutoka Japani yenyewe

Ingekuwa kosa kuishia hapo na kuifanya judo kuwa dawa ya kila ugonjwa. Sanaa hiihii imewahi kutekwa. Kuanzia miaka ya 1930 watawala wa kijeshi wa Japani waliyageuza mafunzo ya judo na ya upanga katika skuli kuwa maandalizi ya vita, na taasisi za sanaa hizo zikawekwa chini ya dola. Kano mwenyewe hakuishi kuuona mwisho wake. Mwaka 1938 alihudhuria mkutano wa Kamati ya Olimpiki mjini Cairo kuitetea nafasi ya Tokyo ya kuandaa michezo ya mwaka 1940, na mwezi Mei, akiwa njiani kurudi, alifariki ndani ya meli. Miezi miwili baadaye serikali yake iliisalimisha michezo hiyo, kwa kuwa vita vya China vilikuwa vimepewa kipaumbele. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, Wamarekani waliokuwa wakiikalia nchi waliiondoa judo katika skuli, na haikurudi humo hadi mwaka 1950.

Hata katika zama za amani hatari haikwisha. Uchunguzi wa wasomi wa Kijapani ulibaini kwamba wanafunzi zaidi ya 100 walifariki kutokana na judo ya skuli katika kipindi cha takriban miaka 30 tangu mwaka 1983, wengi wao kwa majeraha ya kichwa. Jambo hilo lilizua mjadala mkali mwaka 2012, sanaa za mapigano zilipofanywa somo la lazima katika skuli za kati. Mwaka 2013 kocha mkuu wa timu ya taifa ya wanawake alijiuzulu baada ya wachezaji 15 kulalamika kwamba walikuwa wakipigwa na kudhalilishwa mazoezini. Pale mwalimu anapoacha kushika mkono wa mwanafunzi anayeanguka, jina la Kano ukutani halimlindi mtoto.

Tunajifunza kwamba mwili wa kijana unafundishika kwa lolote. Nidhamu ileile inayomtuliza inaweza kumfanya chombo cha mtu mwingine. Kinachoamua ni swali moja: je, anafunzwa kumwona aliye mbele yake kuwa mwenza au kuwa adui?

Kutoka sinema hadi mkekani

Afrika Mashariki ilizijua sanaa za mapigano za Asia kwa macho kabla ya kuzijua kwa mwili. Katika miaka ya 1970 filamu za kung fu zilijaza kumbi za sinema za pwani yote, na Mji Mkongwe ulikuwa na Majestic na Cine Afrique. Vijana walitoka ukumbini wakirusha mateke njiani. Ila filamu haifundishi kuanguka. Inamwonesha mtu mmoja akiwaangusha wengi, naye haanguki.

Dar es Salaam ndiko mafunzo yenyewe yalikopata mzizi mapema, na kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, mmoja wa wengi waliovutwa na Tanzania ya Azimio la Arusha na ya harakati za ukombozi, alianzisha pale Zanaki mafunzo ya karate ya mtindo wa Goju-ryu. Mtindo huo ulitoka Okinawa, ambako ulitungwa na Chojun Miyagi. Okinawa ni visiwa vilivyokuwa ufalme wenye bandari na biashara ya masafa ya mbali hadi Japani ilipoutwaa ufalme huo rasmi mwaka 1879, na vikawa chini ya utawala wa Marekani baada ya vita hadi mwaka 1972. Karate ni zao la watu wa visiwa waliokaa baina ya wakubwa. Mzanzibari anayeisoma historia hiyo hahitaji mkalimani.

Judo ya Unguja ilikuja kwa mkono mwingine. Mwaka 1987 Mjapani kijana, Tsuyoshi Shimaoka, alihamia Zanzibar pamoja na mkewe Yukiko. Hawakuja kama watalii wala kama wataalamu wa mradi wenye mkataba wa miaka miwili. Walikaa. Walijishughulisha na uvuvi na biashara, na Bibi Yukiko akakusanya ngano za hapa na kuzisimulia kwa Kijapani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shimaoka, ambaye alikuwa amelelewa katika judo, akaanza kuwafundisha vijana. Kutokana na mafunzo hayo Zanzibar ikapata chama chake cha judo, wachezaji wanaoshindana nje ya nchi, na walimu wazalendo wanaowafundisha wadogo zao.

Neno *sensei*, ambalo wanajudo wa Unguja wanalitumia bila tabu, maana yake kwa asili ni aliyezaliwa mbele, yaani aliyetangulia. Uzito wake uko hapo. Mwalimu wa judo hasimami pembeni na filimbi. Anaingia mkekani na kuangushwa na wanafunzi wake ili wajue namna ya kuangusha. Katika jamii ambayo mkubwa hazoei kuonekana chini mbele ya mdogo, hilo peke yake ni somo.

Miaka ileile, mafunzo mawili

Miaka hiyo ya mwanzo wa 1990 ndiyo pia miaka vyama vingi viliporejea. Sheria ilibadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995. Vijana wa Unguja na Pemba, basi, walianza kupewa mafunzo mawili ya ushindani kwa wakati mmoja. Wachache waliyapata mkekani. Walio wengi waliyapata katika siasa.

Mafunzo ya siasa yalikuwa na historia nzito nyuma yake. Tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hadi Mapinduzi ya mwaka 1964, watu wa visiwa hivi walijifunza kususiana madukani, kwenye mabasi, hata mazikoni. Mwezi Juni 1961, siku ya kupiga kura na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa Unguja. Vyama viliporudi, kumbukumbu hiyo ilirudi navyo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa katika maandamano na baada yake, wengi wao Pemba, na maelfu wakakimbilia Kenya. Vyama vikubwa viliunda vikosi vyao vya ulinzi vya vijana. Msamiati wetu ukaongezeka maneno kama "janjaweed" na "mazombi", majina ya watu waliovaa vinyago na kuwapiga wananchi usiku.

Wale nao walikuwa vijana. Walikuwa na miili yenye nguvu, kiu ya kuheshimiwa na jioni zisizo na kazi. Hakuna aliyezaliwa zombi. Kuna mtu aliyemfuata mahali alipokuwa amekaa, akampa kundi, amri na posho, na akamfunza kwamba jirani yake ni adui. Tofauti yake na kijana anayevaa judogi jioni hiyohiyo si tofauti ya damu wala ya kabila. Ni tofauti ya aliyetangulia kumfikia.

Hapa nataka msomaji alitazame tena lile somo la mkono wa nguo. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na theluthi mbili hivi wakakubali mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ilibadilishwa ili chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na kipate nafasi zake za uwaziri. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa miongoni mwa chaguzi tulivu kuliko zote tulizowahi kuziona. Kwa lugha ya mkeka, Maridhiano yalimwambia mshindi: umeshinda, ni haki yako, lakini usimwachie mwenzako akatua kwa kichwa. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa tarehe 28 Oktoba, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila chama kikuu cha upinzani kushiriki, na mkono ule ukaachiwa. Tuliona jinsi tulivyotua.

Kuinama, ushungi na swali la heshima

Baadhi ya wazazi wa Kizanzibari wana maswali ya haki kuhusu judo, na hayapaswi kubezwa. La kwanza ni kuinama. Katika nchi ambayo karibu watu wote ni Waislamu, rukuu ina mahali pake na Mwenye kustahiki wake. Jibu la wanajudo ni kwamba kuinama kwao ni salamu ya watu wawili, mfano wa shikamoo, na si ibada. Anayeinamiwa naye huinama, na hakuna anayeabudiwa. Mzazi atapima mwenyewe. Apime pia ushahidi wa Waislamu waliotangulia. Mwaka 1984 Mmisri Mohamed Rashwan alikutana katika fainali ya Olimpiki ya Los Angeles na Mjapani Yasuhiro Yamashita, aliyekuwa ameumia mguu wa kulia. Rashwan alishindwa, akaeleza kwamba hakutaka kuupata ushindi kwa kuutumia mguu ule mbovu. Alitunukiwa kwa uungwana wake, na Wajapani wanamheshimu kana kwamba alichukua dhahabu.

La pili ni la wasichana. Judo ya wanawake ilikuwa mchezo kamili wa Olimpiki mwaka 1992 tu, kwa hiyo hata huko ilikotoka mlango ulifunguliwa kwa kusukumwa. Mwaka 2012, mjini London, Msaudia Wojdan Shaherkani alishindana akiwa amefunika nywele kwa kitambaa maalumu kilichokubaliwa baada ya mazungumzo marefu. Alishindwa kwa muda usiozidi dakika moja na nusu, na aliingia katika historia ya nchi yake. Msichana wa Unguja anayejua kuanguka, kushika na kujinasua hajaacha staha yake. Ameiongezea ulinzi.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Sitodai kwamba judo itamaliza ukosefu wa ajira wala kwamba itaandika upya Katiba. Wala sitodai kwamba michezo iko nje ya siasa zetu za Muungano. Mwezi Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika, na mwezi Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa. Katika Olimpiki mwanajudo wa Unguja hana bendera nyingine ila ya Tanzania, na Paris mwaka 2024 mmoja wa waliobeba bendera hiyo alikuwa mwanajudo, Andrew Thomas Mlugu. Hayo yana mjadala wake, na nitayarudia siku nyingine.

Lakini yapo yasiyohitaji kikao cha Dodoma. Wizara ya Elimu ya Zanzibar na Baraza la Taifa la Michezo wanaweza kuanza na skuli chache, Ng'ambo na mashamba, wakaweka mikeka na kuwalipa walimu wazalendo waliokwisha kuiva, huku wakisimamia usalama wa watoto kwa kanuni kali zinazozingatia makosa ya Japani. Vyama vya siasa vinaweza kuvivunja vikosi vyao vya vijana. Anayeona kwamba kijana wake anahitaji mazoezi ya mwili na ampeleke mahali ambapo atafanya mazoezi hayo pamoja na kijana wa chama kingine, wote wakiwa wamevaa nguo moja nyeupe isiyo na rangi ya mtu.

Na sisi tunaopenda kuinukuu methali ya wazee tunaweza kuitumia kwa uadilifu. Ni kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila kabla ya kumwambia hivyo aliyelala chini, mshindi na autazame mkono wake kwanza, aone kama bado umemshika mwenzake.